Mpunga wa maabara unabadilikaje?

Dada wa Kitere, umeuliza: kama miche ya chupa (inayooteshwa maabara kutoka kipande cha mmea) hufanana na mama yake, mbegu mpya ya mpunga itatokaje humo? Migomba hufanana kwa sababu huoteshwa kutoka ncha ya chipukizi. Kwenye mpunga huchukuliwa kiinitete cha punje (ile sehemu inayoota), kinawekwa kwenye chakula chenye sukari, madini na 2,4-D (ndiyo hiyohiyo dawa ya kuulia magugu, ila kiasi kidogo mno). Kinavimba, kinakuwa donge la rangi ya maziwa, halina mzizi wala jani. Humo ndimo mabadiliko hutokea: kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) huvunjika au kuongezeka, na kipande cha DNA kiitwacho Tos17, ambacho kwa kawaida kimelala, huamka na kujipachika kwenye jeni nyingine. Larkin na Scowcroft wa Australia ndio walioyapa jina mabadiliko haya mwaka 1981.

Ukitafuta mpunga unaovumilia chumvi, unatia chumvi kwenye chakula kile, kisha unaotesha seli zilizopona. Ila mengi yanayotoka ni hasara: mapepe, mimea mifupi, miche myeupe isiyoishi. Mabadiliko mengine hupotea, hayarithiwi kupitia mbegu, kwa hiyo tusikubali kugawiwa mbegu hiyo kabla haijapandwa vizazi kadhaa mabondeni kwetu.