Muda wa rufaa umepita na ndugu yuko Butimba: njia bado ipo

Mkuu, umeuliza kama kaka yako aliyefungwa miaka 30 na Mahakama ya Wilaya bado anaweza kukata rufaa, ilhali miezi imepita na wakili mliyemlipa hapokei tena simu. Anaweza. Mpwa wangu alihukumiwa Ukerewe kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, akaletwa gereza la Butimba hapa Mwanza, na rufaa yake ilisikilizwa Mahakama Kuu Mwanza wakati muda ulikuwa umekwisha zamani. Mimi si mwanasheria, nakupa niliyoyaona nikifuatilia.

Kwanza jueni mmechelewa nini hasa. Wengi wanazijua siku 45 za kuwasilisha petisheni ya rufaa, yaani hati yenye sababu za rufaa, wanasahau siku 10 za kutoa kusudio la kukata rufaa, yaani taarifa kwamba unataka kukata rufaa. Hizo 45 zina unafuu: muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri (kumbukumbu za kesi ilivyosikilizwa) hauhesabiwi. Kama hukumu ilisomwa Januari na nakala mkapewa Agosti, huenda kwenye petisheni hamjachelewa kabisa. Siku 10 za kusudio hazina huruma hiyo. Kamuulize kaka yako kama alipoingia gerezani aliweka dole gumba kwenye karatasi ya kusudio, kisha uliza ofisi ya gereza ilipelekwa lini. Kama haipo, ombeni kuongezewa muda wa vyote viwili, kusudio na petisheni. Ukiomba muda wa petisheni tu, rufaa itafika kwa jaji na kuondolewa kwa kukosa kusudio, mrudi mwanzo.

Mamlaka ya kuongeza muda anayo Jaji wa Mahakama Kuu, akiona sababu za msingi. Ni kifungu cha 361(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kwa toleo la 2022. Toleo la 2023 limepanga namba upya, kwa hiyo usinakili ombi la zamani la mtu mwingine.

Ombi hilo huambatana na hati ya kiapo, ambamo mwombaji anaeleza kwa kuapa kwa nini alichelewa, na hapo ndipo watu wanapokwama. Rasimu ya kwanza ya mpwa wangu, aliyoandikiwa na mfungwa mwenzake, ilijaa "sikuwepo siku ya tukio" na "mashahidi walinionea". Hayo ni ya rufaa yenyewe. Kwenye ombi la muda jaji haulizi kama uliiba. Anauliza: tangu hukumu mpaka leo ulikuwa wapi na ulifanya nini? Utasikia sana likitajwa shauri la Lyamuya Construction la 2010. Lilikuwa la madai, lakini vipimo vyake vinatumika hata kwenye jinai: eleza muda wote wa kuchelewa, usiwe umepitiliza, onyesha bidii na si uzembe, na kama hukumu ina kasoro ya kisheria inayoonekana wazi, itaje.

Bidii inaonyeshwa kwa karatasi. Sisi tulivuka ziwa hadi mahakamani Nansio, Ukerewe, na barua ya kuomba nakala, tukahakikisha nakala yetu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ule ulifanya kazi kuliko maneno yote. Na kila aliyetajwa aape mwenyewe. Kama kaka yako anasema "mama aliniambia wakili keshakata rufaa", mama naye aandike kiapo chake. Kama ucheleweshaji ulikuwa gerezani, mwombeni ofisa wa gereza athibitishe kwa maandishi.

Kuhusu huyo wakili, msimtegemee sana kama sababu. Uzembe wa wakili peke yake mara nyingi haukubaliki. Kinachombeba zaidi kaka yako ni kwamba yuko ndani: mahakama zimeshasema mara kadhaa kuwa mfungwa hawezi kupimwa sawa na mtu huru, maana karatasi zake zinapita mikononi mwa askari magereza.

Na kama aliwahi kukata rufaa ndani ya muda ikaondolewa kwa kasoro, sema hivyo mapema. Kesi ya Fortunatus Masha na William Shija ya 1997 (wanasiasa wa huku huku kwetu Kanda ya Ziwa) ilitenganisha anayechelewa kweli na aliyewahi ila rufaa yake ikaanguka kwa kasoro ya kiufundi. Wa pili husamehewa kirahisi zaidi. Angalia tu amri inasema rufaa "imeondolewa" au "imetupiliwa mbali". Ya kwanza inakuacha urudi.

Kama alikiri kosa, mlango ni mwembamba, kwa kawaida rufaa itahusu adhabu tu.

Jaji akikubali, atataja siku za kuwasilisha kusudio na petisheni, nazo zinaanza kuhesabika upya. Siku hiyo hiyo omba nakala ya amri, na wikiendi inayofuata nenda Butimba ukahakikishe kaka yako ameshaweka dole gumba na karatasi zimeondoka kwenda kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Jaji akikataa, uamuzi huo nao unakatiwa rufaa Mahakama ya Rufani.