Barua zenu wiki hii: Gamondi kapewa thenki yuu, tulie au twende uwanjani?

Wasomaji wangu, wiki hizi mbili simu haijapumzika. Toka Novemba 15, 2024 Yanga walivyotangaza kuachana na kocha wetu Mwargentina Miguel Gamondi (ndo hiyo thenki yuu) na hapohapo wakamtangaza Sead Ramovic aliyekuwa TS Galaxy ya Afrika Kusini, meseji zinaingia asubuhi mpaka usiku, wengine wanaandika kwa hasira wengine kwa machozi kabisa. Kuna waliouliza mambo ya mapenzi na viwanja, naomba mnivumilie hadi toleo lijalo, leo tuongelee huu msiba wetu.

Kaka shikamoo. Mimi ni Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, wa Mbagala Rangi Tatu, Yanga nimeirithi kwa marehemu baba. Siku ile Gamondi anapewa thenki yuu nilikua kwenye daladala nikashuka kabla ya kituo changu maana niliona watu wataniona nalia. Toka hapo sijakanyaga uwanjani, hata mechi ya Al Hilal ya Sudan sikwenda na tivii nikazima. Washkaji wa kijiweni wananiambia mimi sio Yanga, mimi ni shabiki wa kocha. Nimekosea?

Marahaba mdogo wangu na pole sana. Hujakosea kulia, hilo tulimalize kwanza.

Hao washkaji wanaokuambia ni shabiki wa kocha waulize wao waliipenda Yanga kupitia nani, maana hakuna mtu anayependa karatasi ya usajili au jengo la klabu pale Jangwani, tunapenda watu waliotupa raha tukiwa tumevaa njano na kijani. Baba yako alikua na watu wake, wewe una wako.

Na huyu Mwargentina katupa raha bwana, tusijisahaulishe. Juni 2023 alivyokuja alikuta tumetoka kumlilia Profesa Nabi, kocha aliyemtangulia. Unakumbuka hali ilivyokua? Nabi alikua ametuachia mechi 49 za ligi bila kufungwa, na hata Ihefu walivyokuja kuikata ile rekodi kule Mbarali watu hawakumnyanyukia, katupeleka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tumefungwa 2-1 hapa kwa Mkapa tukaenda Algiers tukashinda 1-0, jumla 2-2, kombe likaenda kwa USM Alger kwa sheria ya goli la ugenini maana wao walifunga mengi ugenini, yaani tulilikosa kwa kitu ambacho hata kukielezea kwa mtoto ni kazi. Akamalizia na kombe la FA pale Mkwakwani Tanga, akaaga. Mimi mwenyewe nilisema ndo basi, baada ya Profesa tutarudi kule tulikotoka, na niliandika hivyo kwenye grupu letu la wasapu na meseji ipo mpaka leo.

Halafu ikaja Novemba 5 2023. Kwetu mtaani kuna mzee anauza kahawa na kashata, mtu mzima haongei sana. Goli la tano lilivyoingia yule mzee aliweka birika chini, akanyanyua mkono wa kulia vidole vitano vimetanuka, akabaki hivyo hivyo haongei, mkaa unazima kwenye jiko, wateja wanamwita hasikii. Simba 1 Yanga 5. Jioni ile kahawa ilikua bure. Sasa mtu aliyemfanya yule mzee agawe kahawa bure utaniambia nisimlilie?

Na sio hiyo tu. Alituingiza makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika baada ya miaka 25, tukampiga CR Belouizdad ya Algeria 4 kwa Mkapa tukaenda robo fainali, tukacheza na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini dakika zote za mechi mbili bila wao kupata goli, na lile shuti la mchezaji wetu Aziz Ki kule Pretoria lililogonga mwamba likadunda ndani mimi mpaka leo nasema lile ni goli, refa alikataa sawa ila macho yangu yaliona. Tukatolewa kwa penati. Ligi tukachukua, FA tukachukua.

Ila kwenye kutokwenda uwanjani hapo nakukatalia mdogo wangu. Ile Novemba 26 tulivyolala 2-0 kwa Al Hilal, waliokua wanahangaika mule ndani ni walewale vijana wa Gamondi, aliowafundisha kukaba kuanzia juu na kurudisha mpira haraka ukipotea. Hawajaondoka nae, wameachwa pale na wao wameumia kama wewe au zaidi maana wao walikua wanamuona kila asubuhi mazoezini. Ukitaka kumuonyesha heshima Masta Gamondi wasapoti wale. Mechi ijayo kwa Mkapa vaa jezi uende, ukifika hapo ukitaka kulia lia tu, jirani yako kwenye kiti nae analia.

Habari kaka. Mimi ni Mnyama, yaani shabiki wa Simba, wa Tandika, naisoma safu yako ingawa najua we ni Uto, mtu wa Yanga. Mke wangu ni Yanga damu, toka kocha wao aondoke kanuna, chakula ananiwekea mezani anaenda chumbani. Nimtanie au nimwache?

Salama ndugu yangu. Mwache kwanza, utani upo na ni wetu wa jadi na bila huo ligi yetu haina chumvi, lakini kuna siku ya utani na siku ya pole. Nyie mlivyoachana na kocha wenu Patrick Aussems Novemba 2019, mtu aliyekua amewapeleka robo fainali ya Mabingwa msimu mmoja nyuma, nilikua na rafiki yangu wa Simba tunafanya kazi chumba kimoja, nikaingia na maneno yangu ya kejeli asubuhi nikamkuta ameinamia meza. Sikusema kitu, nilimletea chai. Mpaka leo akinitambulisha kwa watu anaitaja ile chai.

Kaa nae hukohuko chumbani mwambie pole mama nanihii, kocha wenu alikua kocha kweli. Na wewe unajua alikua kocha kweli, kakupigeni mechi 4 mfululizo, ile ya magoli matano bila huruma, 2-1 ya Aprili 2024, 1-0 ya Ngao ya Jamii na 1-0 ya Oktoba 2024. Kama kuna mtu Tanzania anajua uzito wa Gamondi ni Mnyama. Ukimwambia hivyo mkeo chakula utakula nae.

Kaka, naomba jibu moja tu bila kuzunguka. Mechi mbili tu ndo mtu afukuzwe, ni haki? Mwananchi, Dodoma

Bila kuzunguka: kwangu mimi sio haki.

Mtu kaanza ligi na mechi 8, kashinda zote 8 na hajaruhusu hata goli moja, ikiwemo ya mtani Simba. Ikaja Azam Novemba 2, beki wetu Bacca akala kadi nyekundu mapema tukacheza pungufu karibu mechi nzima, tukafungwa 1-0. Siku tano mbele ikaja Tabora United, Bacca hayupo kwa sababu ya ileile kadi, tukala 3-1 palepale Chamazi. Iliuma, sikatai, Tabora kutufunga 3 nyumbani iliuma na mimi nilizima simu. Lakini kipigo kama kile kocha anatakiwa apewe nafasi ya kukijibu, mechi tatu nne, ndo unajua kama timu imekufa au imejikwaa tu.

Wapo watakaosema uongozi unaona ya ndani sisi hatuyaoni, nalikubali hilo, wenye timu ndo wanaamua na timu haiwezi kuendeshwa kwa kura za vijiweni. Ila sisi tunaokata tiketi tuna haki ya kusema hatujaridhika, na kusema hivyo hakumfanyi mtu kua msaliti. Kinachoniuma zaidi ni namna ya kuagana. Nabi aliondoka kombe likiwa bado la moto, watu wakajua hii ni kwaheri, wakaimba. Gamondi watu waliamka wakakuta posti. Makombe yote yale, na hatukupata hata dakika kumi za kusimama jukwaani kumpigia makofi, hilo deni lipo na mimi nalihesabu.

Na usisahau mlango wa Jangwani huwa haufungwi moja kwa moja. Kocha Kaze aliachishwa Machi 2021, mwaka uleule akarudi kua msaidizi wa Nabi na makombe akabeba. Simaanishi Masta anarudi kesho, namaanisha tusimtukane huyu anayeondoka wala tusimzomee Ramovic aliyekuja, yeye hakumfukuza mtu, kaitwa kazini kaja.

Kaka habari za kazi, mimi ni mama wa mtoto mmoja niko Morogoro, mpira siujui kiviile. Mwanangu yuko darasa la tatu, anampenda huyo kocha mpaka kaandika GAMONDI kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari la hesabu, mwalimu kamchapa lakini hakulifuta. Sasa toka asikie kaondoka ananiuliza kila siku mama kwani kafanya kosa gani. Sina jibu. Nimwambie nini?

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu.

Mwambie ukweli wa kiumri wake. Mwambie hajafanya kosa, timu ilifungwa mara mbili na wakubwa wa timu wakaamua kuleta mwalimu mwingine, kama pale shule mwalimu anavyohamishwa katikati ya muhula wakati watoto wanampenda. Atakuuliza kwani anaenda wapi, mwambie atapata timu nyingine maana anajua kazi. Usimwambie "ni mpira tu", tafadhali sana, mimi niliambiwa hivyo utotoni na mtu mzima niliyekua namheshimu na nikaacha kabisa kumuongelesha mambo yangu.

Kama una simu yenye bando la kutosha mtafutie yale magoli matano mkae mtazame wote, na we utajifunza kidogo mpira, muache akuelezee nani katoa pasi nani kafunga. Mtoto akielezea kitu anachokipenda huzuni inapungua bila kuilazimisha.

Na kuhusu daftari, jina asifute. Mnunulie jingine la hesabu amuonyeshe mwalimu, hilo la zamani lifunge nailoni liweke kabatini na vyeti vyake vya kliniki.