Wasomaji Wanauliza: Perege wa kilo 18?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi ni mama lishe hapa Makole, Dodoma, nanunua perege na kambale wa Mtera kwa mtu anayepita asubuhi na ndoo zake, hana mizani, anauza kwa macho tu, huyu bei hii yule bei ile. Sasa kijana wangu kaniambia wazungu wana hesabu yao ya kujua uzito wa samaki anaitwa trauti, unachukua urefu, unazidisha kwa mzunguko wa tumbo, unazidisha tena kwa mzunguko huohuo, afu unagawa kwa 800. Jana nikapima perege mmoja, urefu sentimita 30, mzunguko 22, nikapata 18 na kitu. Kaka, perege wa kilo 18 kweli? Au hesabu hiyo ni ya samaki wa maji ya baridi tu? Naomba nielekeze, naona kama napunjwa kila siku.

JIBU: Dada yangu, hesabu umeipiga vizuri kabisa, kilichokuangusha ni kipimo. Hiyo 800 ni ya watu wanaopima kwa inchi na jibu wanalipata kwa pauni, yani wavuvi wa ndoano wa Uingereza na Marekani, wao wakimshika trauti wengi wanampima harakaharaka kwa tepu wanamrudisha mtoni akiwa hai, ndo maana wakahitaji njia ya kujua uzito bila kumning'iniza kwenye mizani. Wewe umepima kwa sentimita. Kwa sentimita gawa kwa 29, na jibu litakuja kwa gramu.

Turudi kwa perege wako. 22 mara 22 ni 484, mara 30 ni 14,520, gawa kwa 29 unapata 500. Nusu kilo! Na perege wa sentimita 30 kweli huwa anacheza hapohapo, kwa hiyo hesabu ya trauti imekufaa hata huku kwetu ambako trauti mwenyewe hakai, maana anataka maji ya baridi kama yale ya mito ya Mlima Kenya na Aberdare, joto la Dodoma angelivumilia wapi.

Mi napenda mtu ajue hiyo 29 imetoka wapi, ukiijua huwezi kuisahau. Chukulia samaki ni kipande cha gogo la mviringo, unene uleule mwanzo mpaka mwisho. Ujazo wa gogo hilo ungekuwa urefu mara mzunguko mara mzunguko, gawa kwa 12.57. Na kwa kuwa nyama ya samaki uzito wake unakaribiana sana na wa maji, sentimita moja ya ujazo ni kama gramu moja, basi ungekuwa umemaliza. Ila samaki sio gogo, kichwani kachongoka, mkiani kakonda, sasa ukimweka ndani ya gogo hilo anajaza kama asilimia 43 tu, na 29 ndo inaondoa hiyo nafasi tupu.

Sasa kwenye kupima hapo ndo watu wengi wanaharibu. Tumia tepu ya fundi cherehani, ile ya plastiki, ya kitambaa ikilowa inavutika. Mlaze samaki kwenye ubao, urefu uanze ncha ya mdomo akiwa kaufunga mpaka mwisho wa mkia, na tepu ipite juu ya ubao pembeni yake, usiifuatishe kwenye mgongo uliojikunja utaongeza sentimita ambazo hazipo. Mzunguko pima pale alipo mnene kuliko pote, kwa perege ni karibu na pezi la mgongoni linapoanzia, lilaze lile pezi kwanza maana miba yake ikisimama inainua tepu (na inachoma kweli, mkono uutoe kichwani kwenda mkiani, usirudishe kinyume). Tepu iguse ngozi, isikabe tumbo. Hapa kuwa makini sana dada, kwa sababu mzunguko unazidishwa mara mbili: ukisoma 23 badala ya 22 kwa perege wako unapata kama gramu 547, umeshaongeza karibu 50 za bure, wakati kosa la sentimita moja kwenye urefu linaleta kama gramu 17 tu.

Na hili ndo naona linakupunja kuliko yote, macho yanaona urefu lakini uzito haufuati urefu peke yake, samaki akirefuka anapanuka na kunenepa pia. Perege wa sentimita 20 ana kama gramu 150, wa sentimita 25 ana karibu 300. Tofauti yao ni vidole vitatu, kwenye ndoo unaona wanalingana tu, kumbe mmoja ni wawili. Kwa hiyo muuzaji akikupunguzia kidogo tu kwa yule mdogo usifurahi, bei yake ya haki ni nusu.

Kambale mwangalie peke yake. Kichwa kipana kimebanwa, mkia mrefu mwembamba, wa sentimita 50 mara nyingi anakuwa na kama gramu 900, kilo hafiki, ingawa kwa macho anatisha. Kwa huyo usiitegemee 29. Tafuta namba yako: chukua kambale kumi wazima kabla ya kutoa utumbo, kila mmoja urefu mara mzunguko mara mzunguko, gawa kwa gramu zake za kwenye mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, kisha tafuta wastani wa hizo kumi. Hiyo ndo ya kugawia kambale wa Mtera unaowanunua wewe, iandike ukutani jikoni.

SWALI: Mimi nafuga perege kwenye bwawa dogo huku Hombolo, hiyo njia inaweza kunisaidia kujua chakula cha kuwapa? Nina kama 500.

JIBU: Inasaidia sana kaka, ila samaki hai usimzungushie tepu, unamtesa na unamtoa ute unaomkinga. Pima urefu tu kwenye ubao uliolowa, urefu mara urefu mara urefu, zidisha kwa 1.9 gawa kwa 100, unapata gramu. Vua kama 30 kwa wavu sehemu tofauti za bwawa, na kila samaki mpigie hesabu yake, usitafute wastani wa urefu kwanza. Mfano una mmoja wa sentimita 15 na mwingine wa 25, ukisema wastani ni 20 utaandika gramu 152 kila mmoja, kumbe ni 64 na 297, wastani wao 180. Kwa samaki 500 hapo umepoteza kilo 14 kwenye daftari, na chakula utakuwa unawapa pungufu. Wakiwa wa gramu 180 hao 500 ni kilo 90, asilimia 3 kwa siku ni kilo 2 na gramu 700, igawe asubuhi na jioni, afu pima tena baada ya wiki mbili.