Kikohozi cha Foleni

Mwalimu wa darasa la mwanangu alimpigia mke wangu simu saa nne na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, kumpa pole ya kuuguliwa. Mke wangu alikuwa Pangani kwenye arobaini ya shangazi yake na hakuwa na habari ya mgonjwa yeyote. Mgonjwa mwenyewe wakati huo alikuwa amekaa juu ya kigoda mjini Tanga, nje ya duka la simu, anakula kitumbua cha pili. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na simu yangu ilikuwa imezima.

Naandika haya kwa ajili ya mzazi anayejiuliza kama siku moja tu ya shule ina ubaya gani, maana na mimi nilijiuliza hivyo hivyo na nikajijibu haraka mno.

Gari la matangazo lilizunguka siku tatu, Makorora, Mabawa, Ngamiani yote. Simu mpya inazinduliwa Alhamisi saa mbili asubuhi. Wateja 30 wa kwanza wanapewa spika ndogo bure. Mtu mmoja, simu moja. Nami nilitaka mbili: moja yangu, kwa kuwa betri ya ile ya zamani ilikuwa imevimba kama andazi, na nyingine ya mama watoto, nimfanyie sapraizi akirudi kutoka Pangani. Mtu mzima nyumbani nilikuwa peke yangu. Mtoto wa darasa la tano nilikuwa naye.

Kama umewahi kupanga foleni ya maji utanielewa. Mtu anatega ndoo, anakwenda kumalizia kuosha vyombo, akirudi ndoo imemshikia nafasi. Asiye na ndoo ya ziada huweka jiwe au kandambili. Watu wa mtaani niliwaambia kijana nampeleka akaone mambo ya teknolojia, kwani elimu ni darasani tu? Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta ndoo.

Saa kumi na nusu alfajiri tukatoka kwa baiskeli, yeye kwenye keria amekumbatia vigoda viwili. Kwetu Tanga baiskeli haimshangazi mtu hata saa hiyo. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimemgongea jirani, nikamwagiza mwanawe, ambaye anasoma darasa moja na wangu, amwambie mwalimu kwamba mwenzake ana homa. Tulipofika dukani watu 19 walikuwa wametutangulia. Tukawa wa ishirini na wa ishirini na moja.

Nyuma yetu akaja mzee mmoja wa kofia na msuli. Mtoto akamwamkia vizuri.

"Marahaba mjukuu wangu. Leo si Alhamisi? Shule vipi?"

Mtoto akanitazama. Alikuwa anasubiri kusikia mimi nitasema nini, ili na yeye ajue la kusema. Nikasema ana kihoma kidogo, mzee wangu. Hapo mwanangu akakohoa. Hakuna aliyemwambia akohoe. Alikohoa mara mbili, kiwiko mdomoni kama wanavyofundishwa, na macho akayalegeza. Mzee akamhurumia, akamwita muuza kahawa, akaagiza tangawizi ya moto kwa ajili ya mgonjwa. Ikabidi ainywe yote.

Nimeshawahi kumwona akidanganya, watoto wote hudanganya. Lakini uongo wake ulikuwa ule wa kitoto, wa nani kamaliza sukari. Huu ulikuwa wa kikubwa, tena tumeushirikiana.

Foleni yenyewe sitaki kuirefusha. Milango ilifunguliwa saa tatu na robo, baada ya muziki na hotuba. Kila simu iliuzwa pamoja na laini mpya, na laini husajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na mtandao siku hiyo ulikuwa unakuja na kuondoka. Mtu mmoja alichukua dakika kumi, wakati mwingine zaidi. Choo cha dukani kilikuwa cha wafanyakazi tu, tukaenda kuomba msikitini. Kufikia saa tatu ile betri ya andazi ilikuwa imekata roho.

Saa saba tukafika mezani. Spika zilikuwa zimekwisha kwa mtu wa kumi na mbili, ingawa tangazo lilisema 30. Kijana wa mauzo akaniuliza kitambulisho cha mtu wa pili kiko wapi. Nikamwonyesha mwanangu.

"Huyu hana namba ya NIDA, baba. Nafasi yake haihesabiki."

Mtoto alikuwa amekaa pale kwa muda wa saa nane kushika nafasi ambayo haikuwepo. Swali hilo ningeweza kuliuliza dukani hapo Jumatano jioni, dakika mbili, nikipita zangu.

Sasa turudi kwa mama yake. Baada ya simu ya mwalimu alinipigia, hakunipata. Akapiga tena na tena, akaambiwa mteja hapatikani. Akampigia jirani mwingine, ambaye hakujua lolote ila kwamba mlango wetu umefungwa na hatupo tangu alfajiri. Baba hapatikani, mtoto ana homa, wametoka usiku: wewe ungefikiri nini? Aliwaacha watu wa arobaini na sufuria zao, akadandia basi la Tanga. Aliposhuka hakuja nyumbani. Alichukua bajaji moja kwa moja hadi Hospitali ya Bombo, akaenda kuuliza wodi ya watoto.

Sisi alitukuta saa kumi, tumejilaza mkekani, mgonjwa anachagua mlio wa simu.

Hakupiga kelele. Aliweka mezani mfuko wenye Panadol, ndimu na machungwa, akaketi, akavua viatu. Niliponyoosha mkono kumpa ile simu, kwamba basi hii iwe yako, hakuipokea. Mkono ulinining'inia hewani muda mrefu.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Ijumaa mwalimu alimwondoa mtoto kwenye mchakamchaka, apumzike kwa kuwa ametoka kuumwa. Akawekwa mstari wa mbele, akaulizwa kila kipindi kama anajisikia vizuri. Mtoto wa watu akalazimika kuendelea kuumwa mpaka Jumatatu, maana atapona vipi ghafla? Akaniambia usiku, "Baba, naona aibu mwalimu akinipa pole."

Wiki iliyofuata nikaenda shuleni. Nilijipanga kujieleza, lakini mwalimu alinikatiza mapema. "Ungeniomba ruhusa, baba, ningekunyima. Ila ningekwambia Alhamisi naanza KDS."

Ambaye ameisahau, kama nilivyokuwa nimeisahau mimi, KDS ni Kigawe Kidogo cha Shirika, ile namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zote ulizopewa bila kubakisha. Inaonekana kitu cha siku moja, na kweli ilifundishwa siku moja. Lakini wiki ya pili wakaingia kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, na bila KDS utahangaika. Nilifungua daftari lake nikakuta robo kujumlisha moja ya sita, jibu kaandika mbili ya kumi: juu kajumlisha na juu, chini na chini. Tulikaa jioni tatu na kibatari cha subira. Nne ina vigawe vyake, 4, 8, 12. Sita ina vyake, 6, 12. Tunakutana kwenye 12. Robo ni tatu ya kumi na mbili, moja ya sita ni mbili ya kumi na mbili, jumla tano ya kumi na mbili. Jioni ya tatu ndipo akasema "aaah". Siku ya shule inayokosekana huonekana ndogo kwa sababu tunaihesabu kwa saa. Ihesabu kwa kuuliza darasani watafundishwa nini, ndipo uamue.

Na ulizo hilo linakulazimu uongee na mwalimu, ambalo ndilo neno langu kubwa leo. Omba ruhusa, na sababu itaje ilivyo. Ukiona unashindwa kutamka sababu mbele ya mwalimu, basi sababu yenyewe umeshaipima. Hapo sijagusa sheria: Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamdai mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi anahudhuria. Nasema kwa kupita tu, siku moja hakuna atakayekufunga, lakini ujue utoro si jina la kosa la mtoto peke yake.

Wenzetu Wajapani walipatwa na haya kwa wingi. Tarehe 10 Februari 1988, siku ya Jumatano, mchezo wa video wa Dragon Quest III uliingia madukani. Watoto wakakimbilia foleni badala ya shule, na polisi wakawakamata wanafunzi karibu 300 kwa utoro. Toleo lililofuata, la nne, liliuzwa Jumapili, tarehe 11 Februari 1990. Muuzaji akiamua anaweza. Huku kwetu mwambieni mwenye duka: ukizindua Jumamosi utapata wazazi na watoto wao pamoja, na vitumbua vitauzika zaidi.

Halafu lipo suala la haraka yenyewe. iPhone ya kwanza ilianza kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni 2007, na watu walilala nje ya maduka. Ile ya GB 8 ilikuwa dola 599. Tarehe 5 Septemba mwaka huo huo, hata miezi mitatu haijatimia, ikashushwa hadi dola 399. Waliowahi wakalalamika mpaka Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa Apple, kampuni ya simu hiyo, akaandika barua ya wazi kuomba radhi, na kila mmoja akaahidiwa hati ya dola 100 ya kununulia vitu kwenye maduka yao. Mimi hakuna aliyeniandikia barua. Wiki ya tatu niliikuta simu ile ile Barabara ya Kumi, duka halina hata watu wawili, na mwenye duka akanipunguzia elfu kumi na tano kabla sijamaliza kubembeleza. Hiyo ndiyo mama watoto aliyoipokea. Akanidai na risiti, kwa sababu siku hizi hataki kuniamini kwa maneno matupu.

Sisemi mtoto asitolewe darasani kamwe. Tarehe 1 Septemba 2016, nayo ilikuwa Alhamisi, jua lilipatwa likabaki mfano wa pete pale Rujewa, Mbeya. Kama ningekuwa karibu na Rujewa siku hiyo na mwanangu ana umri wa kuelewa, ningemchukua, na mwalimu ningemwambia waziwazi, pengine ningemwomba aje na darasa zima. Jua halikusubiri Jumamosi. Simu ilisubiri, tena ikashuka bei.

Na kama ni Jumamosi au likizo ya Juni na mtoto anataka kwenda mwenyewe, mpeleke, foleni ina raha zake. Uliza kabla simu ziko ngapi, zawadi ni ngapi, na nani anahesabika. Chaji simu yako. Beba maji na kofia, jua la Tanga halina mwenyewe ikifika saa tano. Angalia choo kiko wapi kabla hajaanza kubana miguu. Watu wakianza kusukumana mlangoni mtoe pembeni, nafasi ipotee.

Juzi tulikuwa soko la Mgandini, mimi na yeye, tunatafuta nazi. Nani akatokea, yule mzee wa kofia. Alitukumbuka kabla yetu.

"Mjukuu wangu! Kile kikohozi kimepona?"

Mtoto akanitazama, kama siku ile. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema kweli, watu wenyewe watatu tu. Nikasema kimepona, alhamdulillahi, mzee wangu. Mwanangu akainama kuchagua nazi, na mpaka tunafika nyumbani hakunisemesha.