Hedhi Inayopotea kwa Miezi

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 27 na nimegundulika kuwa na sindromu ya ovari zenye vifuko vingi. Hedhi hunijia kila baada ya miezi minne. Je, kubadili mtindo wa maisha kunaweza kuirekebisha?

JIBU: Kwa wanawake wengi inawezekana, ingawa si kwa wote. Mara nyingi mwili wenye hali hii hauitikii ipasavyo insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, hivyo kongosho huitoa kwa wingi zaidi, na insulini hiyo huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, hata yai likashindwa kupevuka na kutoka. Ikiwa uzito wako umezidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu kunaweza kutosha kurejesha upevukaji wa mayai. Usijinyime chakula, tafadhali, kwa sababu njaa kali nayo husimamisha hedhi. Afadhali upunguze vinywaji vyenye sukari, ule nafaka zisizokobolewa, kunde na mboga, na utembee kwa kasi angalau dakika 150 kwa wiki. Hata mwenye uzito wa kawaida hunufaika na mazoezi.

Mabadiliko huchukua miezi kadhaa. Hata hivyo, hedhi ikikosekana kwa zaidi ya miezi mitatu, mwone daktari, kwani ukuta wa mfuko wa uzazi usiobomoka huendelea kunenepa na, baada ya miaka, huongeza hatari ya saratani. Kumbuka pia kwamba yai linaweza kutoka kabla hedhi haijarudi, kwa hiyo kama hutaki mimba kwa sasa, tumia kinga.