Makosa ya mwamuzi wa besiboli yanaelemea upande gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Columbus, Ohio, na wanangu ndio walioniingiza katika besiboli. Ninapotazama ligi kuu kwenye televisheni ninaona kisanduku kilichochorwa mbele ya mpigaji. Mara mpira unapita nje ya kisanduku na mwamuzi anatangaza straiki, yaani hesabu dhidi ya mpigaji. Mara mpira mwingine unapita palepale na anauita boli, yaani hesabu dhidi ya mrushaji. Jirani yangu anasema la muhimu ni mwamuzi kuwa na msimamo mmoja kwa timu zote mbili, hata kama eneo lake la straiki ni pana kupita kanuni. Je, ni kweli? Na utaratibu huu mpya wa kukata rufaa kwa kamera utaondoa upendeleo?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Jirani yako ameshika nusu ya jambo. Msimamo ni sharti la haki, lakini mwamuzi anaweza kuwa na msimamo thabiti na bado akaidhulumu timu moja, kama nitakavyokuonyesha. Vilevile, kuhesabu makosa peke yake hakutoshi. Waamuzi wa ligi za vijana ninaowafundisha huwa ninawataka wajiulize swali moja kila baada ya mchezo: makosa yangu ya leo yameelemea upande gani?

Nianze na kisanduku chako cha televisheni, maana kina lawama yake. Kibao cha nyumbani, kile kilicholazwa ardhini mbele ya mpigaji, kina upana wa inchi 17, yaani sentimita 43 hivi, na kwa kanuni iliyopo tangu 1996 eneo la straiki linaanzia kwenye kishimo kilicho chini ya kifuniko cha goti hadi katikati ya mabega na kiuno cha suruali. Mpira ukigusa sehemu yoyote ya eneo hilo ni straiki. Kwa kuwa mpira wenyewe una kipenyo cha zaidi ya sentimita 7, unaweza kuonekana karibu wote uko nje ilhali ukingo wake umegusa. Tena kibao kina kina chake kwenda nyuma, hivyo eneo la kanuni ni umbo zima lenye mbele, kati na nyuma, na mpira unaopinda unaweza kuikosa sehemu ya mbele ukaja kuikata kona ya nyuma. Kisanduku cha televisheni ni bapa. Juu ya hayo, kamera kuu huwekwa pembeni kidogo ya mstari wa mrushaji ili mwili wake usizibe picha, kwa hiyo macho yako yanautazama mpira kwa mshazari. Sehemu ya unayoyaona ni kosa la picha.

Sehemu nyingine, hata hivyo, ni kosa la kweli. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwenye kibao, na mpira unaokwenda kilomita 150 kwa saa unafika baada ya takriban sekunde 0.4. Mwamuzi amechuchumaa nyuma ya mdakaji, yaani mchezaji anayepokea mipira ya mrushaji, na katika mchezo mmoja huamua mipira kama 150 ambayo mpigaji hakuijaribu. Vipimo vya miaka ya karibuni vinaonyesha kwamba waamuzi wa ligi kuu hupatia karibu asilimia 94 ya mipira hiyo. Kwa binadamu ni kazi kubwa ya kuheshimiwa, nami ninaisema kwa moyo wote kwa kuwa ninajua ugumu wake. Lakini asilimia sita iliyobaki ni makosa tisa hivi kwa kila mchezo, na yakianguka yote upande mmoja yanatosha kuamua mshindi.

Sasa hoja ya jirani yako. Tarehe 12 Oktoba 1997, katika mchezo wa tano wa fainali ya Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, Florida Marlins walicheza na Atlanta Braves huku Eric Gregg akiwa mwamuzi wa nyuma ya kibao. Liván Hernández wa Marlins aliwatoa wapigaji 15 kwa straiki tatu, wengi wao kwa mipira iliyopita nje kabisa ya kibao, na wa mwisho alikuwa Fred McGriff, aliyetangaziwa straiki ya tatu kwa mpira ambao hata mkono wake ukinyooshwa wote ungeufikia kwa shida. Marlins walishinda 2 kwa 1. Gregg alijitetea kwamba eneo lake lilikuwa lilelile kwa timu zote mbili, na ni kweli kwamba Greg Maddux wa Braves naye alipewa straiki za pembeni. Tatizo ni kwamba eneo lililopanuliwa upande mmoja haliwaumizi wote sawa. Braves walikuwa na wapigaji kadhaa wanaosimama upande wa kushoto, akiwamo McGriff, na mipira ya Hernández iliyokuwa ikiwakimbia wapigaji hao iliangukia hasa pale Gregg alipopanua. Kanuni moja iliyopindishwa kwa wote ilimnufaisha aliyekuwa na silaha ya kuitumia. Ndiyo maana ninasema msimamo bila usahihi haukamilishi haki.

Jambo la pili ni lile uliloligusa bila kulitaja: mpira uleule, mahali palepale, hukumu mbili. Mara nyingi sababu yake ni hesabu ya mipira, yaani boli na straiki ambazo mpigaji amekwisha kutangaziwa. Mpigaji akiwa na boli tatu bila straiki, boli moja tu zaidi inampa beisi ya kwanza bure, na vipimo vinaonyesha kwamba katika hali hiyo eneo la waamuzi hupanuka. Mpigaji akiwa na straiki mbili bila boli, straiki moja zaidi inamtoa, na eneo hupungua kwa kiasi kinachoonekana wazi. Hakuna mwamuzi anayekusudia hivyo. Ni kwamba akili ya binadamu, inapokuwa na shaka, hukwepa uamuzi unaomaliza jambo na kuchagua ule unaoliacha liendelee. Wapo wanaosema hili halina madhara kwa kuwa timu zote hulipata. Mimi siafikiani nao. Mrushaji aliyefanya kazi ngumu ya kufikia straiki mbili ananyimwa straiki anayostahili kwa sababu tu ya kufanikiwa kwake, na mpigaji mwenye subira aliyengoja boli tatu anatozwa kwa subira yake. Anayefanya vizuri analipishwa kila mara, na huko ndiko kuelemea ninakokuzungumzia.

Kimo cha mpigaji nacho huleta mwelekeo wake. Aaron Judge wa New York Yankees ana urefu wa sentimita 201 hivi, na kwa miaka mingi alitangaziwa straiki nyingi za mipira iliyopita chini ya magoti yake. Jicho la mwamuzi limezoea wapigaji wa kimo cha wastani, na mpira unaopita kwenye goti la mtu wa wastani uko chini ya goti la Judge. Hapo hapana chuki yoyote, ila kuna mtu mmoja anayelipa kila siku kwa maumbile yake.

Kisha kuna mdakaji. Mtazame anapopokea mpira unaoshuka chini kidogo ya goti. Hodari wa kazi hii hutanguliza glavu chini kabisa, karibu na vumbi, akaupokea mpira glavu ikiwa tayari inapanda, na papo hapo akaituliza kwenye ukingo wa eneo bila kutikisika. Asiye hodari huuchapa mpira kwa juu, na glavu inakwenda chini pamoja nao. Njia ya mpira ni ileile, lakini wa kwanza anapata straiki. José Molina, aliyemalizia kazi yake Tampa Bay Rays, aliendelea kuajiriwa ingawa hakuwa mpigaji wa kutisha, kwa kuwa watakwimu waligundua mikono yake iliokoa alama nyingi kwa msimu. Ninaiheshimu stadi hiyo, na bado ninaona kwamba mwamuzi anapaswa kuhukumu mahali mpira ulipopita, na mahali glavu ilipoishia pasiwe na neno.

Sasa niende kwenye upendeleo wenyewe, na hapa ninakuomba usome kwa utulivu. Mwaka 2011 wachumi wanne, akiwamo Daniel Hamermesh, walichapisha utafiti katika jarida la American Economic Review uliochunguza mamilioni ya mipira ya ligi kuu. Waligundua kwamba mrushaji alikuwa na nafasi kubwa zaidi kidogo ya kupewa straiki pale alipokuwa wa rangi au asili moja na mwamuzi. Tofauti ilikuwa ndogo, na kwa sehemu kubwa ilijitokeza katika mazingira fulani tu. Kwenye viwanja vilivyokuwa na kamera za QuesTec za kuwapima waamuzi haikuonekana. Haikuonekana pia watazamaji walipojaa, wala mpira ule ulipokuwa wa kuamua hatima ya mpigaji. Kwa maneno mengine, mwamuzi alipojua kazi yake inaangaliwa, mwelekeo ule ulitoweka. Kwangu mimi hilo ndilo fundisho kubwa kuliko yote katika elimu ya uamuzi, kwa kuwa linaonyesha kwamba upendeleo wa aina hii unatibika, na dawa yake ni kipimo.

Dawa hiyo ilipokewa kwa shida. Hadi 1999 Ligi ya Marekani na Ligi ya Taifa kila moja ilikuwa na waamuzi wake na mazoea yake ya eneo. Mwaka huo chama cha waamuzi kilijaribu kuishinikiza ligi kuu kwa barua za kujiuzulu kwa pamoja, mbinu ikashindwa, na waamuzi 22 wakapoteza kazi. Mwaka 2000 waamuzi wote wakawekwa chini ya ofisi moja, na 2001 QuesTec ikaanza kufungwa viwanjani. Hata wachezaji waliipinga: mwaka 2003 mrushaji Curt Schilling alikasirika akaivunja kamera mojawapo, akatozwa faini. Leo kila mpira katika kila uwanja wa ligi kuu unapimwa na kila mwamuzi anapewa ripoti yake. Kabla ya msimu wa 2025 ligi na waamuzi walikubaliana kupunguza ukanda wa huruma, yaani ukingo ambao mwamuzi akikosea ndani yake hahesabiwi kosa, unaotumika katika ripoti hizo, kutoka inchi 2 hadi robo tatu ya inchi, na mapema msimu huo wachezaji wakaanza kulalamika kwamba eneo limebana.

Kuhusu rufaa, utaratibu ulioidhinishwa Septemba 2025 kwa ajili ya msimu wa 2026 uko hivi. Mwamuzi anaendelea kuamua kila mpira. Kila timu ina rufaa mbili, na ikishinda rufaa haiipotezi. Anayeweza kukata ni mpigaji, mrushaji au mdakaji peke yake, papo hapo, kwa kujigusa kichwani, bila kusaidiwa na kocha. Picha ya njia ya mpira inaonyeshwa kwenye skrini ya uwanja, na jambo zima linakwisha kwa sekunde 15 hivi. Ninyi wa Columbus mmeuona utaratibu huu mapema, kwa sababu ulijaribiwa katika ligi ya ngazi ya Triple-A, ile iliyo chini tu ya ligi kuu, mnayoitazama hapo.

Eneo la kamera si lile la kanuni hasa. Ni bapa, limewekwa katikati ya kina cha kibao, na mipaka yake inatokana na urefu wa mpigaji uliopimwa: juu ni asilimia 53.5 ya kimo chake, chini ni asilimia 27. Kwa Judge, mpaka wa chini unafika sentimita 54 kutoka ardhini. Kwa José Altuve, mwenye sentimita 168, ni 45. Kila mtu ana eneo lake, na kujikunja kwake anapongoja mpira hakulibadilishi. Ninaliona hili kuwa faida kubwa kuliko rufaa zenyewe.

Je, upendeleo utaisha? Makosa makubwa ya nyakati nzito yatapungua sana, kama marudio ya video yalivyofanya kwenye beisi. Unakumbuka huenda tukio la Juni 2010, Jim Joyce alipotangaza kwamba mkimbiaji amefika salama beisi ya kwanza ilhali alikuwa ametoka, akamnyima mrushaji Armando Galarraga mchezo mkamilifu, yaani ule ambao hakuna mpigaji hata mmoja anayefika beisi, kwenye mpigaji wa 27, wa mwisho. Joyce alikuwa mwamuzi aliyeheshimiwa sana na aliomba radhi siku hiyohiyo. Kosa lake lilikuwa kubwa ajabu, lakini halikuwa na mwelekeo. Aliona vibaya mara moja. Makosa ya namna hiyo ndiyo yanayotibika kwa rufaa, kama ilivyo kwa VAR mnayoijua katika kandanda. Makosa madogo yanayoelemea ni jambo jingine. Timu haitatumia rufaa yake kwa mpira wa kwanza wa awamu ya pili, kwa hiyo mdakaji hodari ataendelea kuvuna straiki zake hapo. Ninahofia pia kwamba wachezaji chipukizi wataambiwa wasikate rufaa ili zibaki kwa mastaa.

Korea Kusini walichagua njia nyingine: tangu 2024 ligi yao kuu, KBO, inaiachia mitambo kila straiki na boli, na mwamuzi anasikia jibu sikioni. Kwa usawa mtupu, njia hiyo inashinda. Hata hivyo ninaunga mkono rufaa kwa sasa, kwa sababu inamwacha mwamuzi na wajibu wa kuamua huku kila kosa lake kubwa likionekana na uwanja mzima, na utafiti wa 2011 ulituonyesha macho hayo yanafanya kazi gani.

Kwa hiyo mjibu jirani yako hivi: mchezo ujao, mchukue daftari na kila uamuzi unaowatia shaka muandike hesabu ya mipira ilikuwa ngapi, mpigaji alisimama upande gani na mdakaji alikuwa nani. Msihesabu makosa kwa timu peke yake. Mtakapofika mchezo wa nne au wa tano na karibu kila straiki iliyonyimwa ikawa imeandikwa kwenye mstari wa straiki mbili bila boli, mtakuwa mmeliona kwa macho yenu jambo ambalo kisanduku cha televisheni hakiwezi kuwaonyesha.