Kwa Nini Dawa ya Kula Shaba Huishiwa Nguvu, na Maji Yake Yapelekwe Wapi

SWALI: Mimi ni fundi wa redio hapa Nakuru. Nilijaribu kutengeneza bodi ya saketi ya sentimita 10 kwa 15, ile yenye tabaka la shaba ambalo huliwa ili zibaki njia za umeme tu, kwa kutumia mililita 100 za siki nyeupe, mililita 100 za haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, na kijiko cha chumvi. Shaba ilianza kuliwa vizuri, kisha kazi ikasimama ikiwa imebaki karibu nusu. Je, niongeze asidi ya betri? Na maji ya kijani yaliyobaki, naweza kuyamwaga mtaroni?

JIBU: Ndugu fundi, asidi ya betri usiiongeze. Ikikutana na peroksaidi hutoa mchanganyiko mkali unaochemka na kuruka, na chumba cha nyumbani si mahali pake. Tena kilichokukwamisha ni kipimo tu, na tunaweza kukipigia hesabu.

Siki peke yake haiwezi kuila shaba. Peroksaidi ndiyo inayoipa shaba oksijeni, kisha asidi ya siki huichukua shaba hiyo na kuiyeyusha majini, nayo chumvi huharakisha kazi kwa sababu kloridi yake huishika shaba isigande juu ya bodi. Ukiona utando mweupe umetanda juu ya shaba, jua kwamba chumvi ni kidogo. Ongeza, nao utayeyuka.

Sasa hesabu. Bodi nyingi za kawaida zina shaba yenye unene wa milimita 0.035, kwa hiyo bodi yako ya upande mmoja ina takriban gramu 4.7. Kila gramu ya shaba hutumia karibu mililita 38 za siki yenye asidi ya asilimia 5, pamoja na mililita 18 hivi za peroksaidi ya asilimia 3. Ikiwa njia ulizochora kwa wino ili zisiliwe ni nyembamba na karibu shaba yote inatakiwa kuondoka, ulihitaji mililita 180 za siki. Mililita 100 zako zingeweza kula gramu 2.6 tu, yaani zaidi kidogo ya nusu, na hapo hapo ndipo ulipokwama. Peroksaidi nayo, ingawa katika hesabu inatosha, huvunjika yenyewe mara shaba inapoingia majini, na mapovu mengi unayoyaona ni oksijeni inayopotea bure. Kwa sababu hiyo itie kidogo kidogo kadiri kazi inavyoendelea, wala usiimimine yote mwanzoni.

Toa bodi, isuuze, kisha uiweke katika dawa mpya. Safari ijayo, badala ya kuongeza dawa, ningependa ubadilishe mchoro: paka wino au rangi ya kucha hata katika nafasi zilizo wazi kati ya njia, ukiacha mipaka myembamba tu ya kuliwa. Shaba inayobaki juu ya bodi haihitaji siki, na haitakusumbua baadaye kama uchafu.

Fanya kazi nje au dirishani, ukiwa umevaa miwani ya kinga na glavu, katika chombo cha plastiki au kioo ambacho hakitarudi jikoni. Sufuria ya alumini italiwa. Usikifunike chombo kwa kifuniko cha kubana, kwa maana gesi itakipasua, na usiiweke dawa iliyochanganywa kwa ajili ya kesho. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isikaribie kabisa hapo, kwani ikichanganyika na siki hutoa gesi ya klorini.

Kuhusu mtaro, hapana, na kwa mtu wa Nakuru jibu hilo lina uzito wa pekee. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji hupaa kwa jua na kilichoyeyuka ndani yake hubaki. Shaba iliyo katika maji yako ni ya jamii ile ile ambayo wakulima hunyunyizia kahawa na nyanya ili kuua ukungu, nayo huua pia mwani mdogo ambao heroe huutegemea kwa chakula.

Tia steelwool ya kusugulia sufuria katika maji hayo na uyaache usiku kucha. Chuma kitaingia majini na shaba itajitoa ikiwa unga mwekundu ulioshikamana na nyuzi. Kisha tia magadi yaliyoyeyushwa, kidogo kidogo kwa sababu yatatoa povu jingi, mpaka povu likome. Shaba iliyosalia itaganda pamoja na chuma na kuzama kama tope. Chuja kwa kitambaa kizito. Maji yakitoka bila rangi ya buluu wala kijani, yapunguze makali kwa maji mengi na uyamwage chooni, si shambani, kwani yana chumvi. Tope na steelwool ile vichanganye na saruji katika kopo kuukuu, viache vigande kabisa, kisha ndipo kopo hilo liende na taka.